Maombi ya Kufunga

Kila asubuhi, kabla kinu hakijaanza kunguruma, Adongo alikuta andazi mezani kwake limefunikwa kwa kisosi. Aliyeliweka hakuwahi kujitangaza, na hakukuwa na mtu kiwandani asiyemjua. Alikuwa Mzee Gathogo, mkuu wa banda la kuchanganyia chakula cha kuku. Alipotoka kwake, mtaa wa Bahati, alipitia kibanda cha Mama Sue, akachagua lile lililovimba kuliko mengine yote, akalifikisha ofisini likiwa bado na joto. Adongo alilifunua, akalinusa, akamimina chai, akauma kona moja, na hapo ndipo siku ilipopata ruhusa ya kuanza.

Jumatano hiyo alikuwa ameuma kona tu wakati Madam Rahab alipoingia bila kubisha.

"Gathogo anaenda nyumbani leo," alisema meneja. "Na wewe ndiye utamwambia."

Andazi lilikwama katikati ya koo, likafikiria, kisha likashuka.

"Mimi, Madam?"

"Si wewe ndiye ofisi ya wafanyakazi?"

Hilo lilikuwa kweli. Ofisi nzima ya wafanyakazi ilikuwa meza, kabati la chuma lisilofunga, na Adongo. Chuoni alikuwa amefundishwa kuajiri watu, kupanga likizo na kusuluhisha ugomvi. Somo la kumwachisha mtu kazi lilifundishwa siku ambayo jino lilikuwa likimuuma. Tena yeye mwenyewe alikuwa bado kwenye majaribio. Mwezi huo ukiisha, Rahab ndiye angeweka sahihi ya kumthibitisha, au asiweke.

"Barua hii hapa," Rahab alisema, akaweka bahasha kando ya kisosi. "Kabla ya chai ya saa nne."

Kosa la Gathogo lilikuwa la Ijumaa. Rahab, aliyerithi kiwanda kutoka kwa babake, alikuwa ametoka semina Naivasha mwaka uliotangulia na mpango mpya uitwao Sura ya Kenya. Tangu mwanzo wa mwaka alikuwa ameanza kuujaribu kimyakimya, na sasa alitaka uwe wa kudumu: nafasi za kazi zigawanywe ili kila jamii ionekane. Mteja wao mkubwa wa Nairobi aliupenda sana. Rahab aliueleza mbele ya wafanyakazi wote, akapigiwa makofi, na makofi yakampa ujasiri wa kufanya jambo la hatari.

"Sasa toeni maoni," alisema. "Msiogope. Hapa hakuna mtu ataumia kwa sababu ya maoni."

Gathogo alisimama, akavua kofia.

"Madam, nimechanganya chakula cha kuku tangu siku zile tulikuwa tunakupima kwa mizani ya magunia, ukilia. Sijawahi kutia dagaa wa omena kwa sababu omena haijawakilishwa. Naitia kwa sababu ina kazi. Na mtu naye aajiriwe kwa kazi yake. Lakini siku hizi mnaajiri kuziba matundu, hata hapo ofisini. Mtu si kiraka."

Wengine walicheka, wengine wakaguna. Njuguna, dereva wa lori, alikuwa akirekodi kwa simu. Kufikia jioni maneno hayo yalikuwa yamefika Nairobi, kwa mteja mkubwa, na yeye hakucheka.

Sasa, hapo ofisini alikuwa ameajiriwa mtu mmoja tu mwaka huo. Adongo, mjukuu wa mfanyakazi wa reli, msichana Mjaluo wa mtaa wa Bondeni aliyezaliwa na kulelewa papo hapo mjini, alikaa mstari wa nyuma akivitazama viatu vyake hadi mkutano ukaisha. Jumatatu alipofunua kisosi alikuta maandazi mawili. Aliyala yote. Hakuuliza kwa nini.

Na sasa alitakiwa kumfuta kazi mwenye maandazi.

Alimwita kabla ya chai. Gathogo aliingia na pumba kwenye nyusi, akavuta kiti.

"Ni kikao, mami?"

"Kikao kidogo tu, mzee."

"Basi tuombe."

Katika kiwanda kile hakuna jambo lililoanza bila maombi. Kununua mafuta ya jenereta kuliombewa. Kuhesabu magunia matupu kuliombewa. Na aliyeomba alikuwa Gathogo siku zote, maana alikuwa shemasi, na maombi yake yalijulikana kwa urefu.

"Baba," alianza, "tunamleta binti yetu Adongo. Mguu wa mamake unaujua, ule wa kushoto, ndio mbaya zaidi. Mwezi huu akithibitishwa kazini tutarudi hapa hapa kukushukuru. Umpe ujasiri, maana roho yake ni nzuri lakini sauti ni ya kifaranga. Na mwanamume atakayemchumbia, Bwana, asiwe dereva."

"Amina," alisema Adongo, akipangusa macho.

"Enhe, mami. Sema sasa."

Adongo alifungua mdomo. Akaitazama bahasha. Akautazama uso ule wenye pumba.

"Nilitaka kuuliza," alisema. "Mama Sue huwa anatia iliki?"

"Iliki na ndizi mbivu kidogo. Lakini hukusikia kwangu."

Gathogo alipotoka, Rahab aliingia. Alikuwa amesimama nyuma ya mlango muda wote.

"Iliki, Adongo?" alisema. "Iliki?"

"Madam, anaomba kwanza. Akishaomba mimi siwezi tena."

"Basi saa nane, ofisini kwangu, nikiwepo mwenyewe. Na hakuna kuomba."

Adongo alitikisa kichwa kukubali. Kisha akafanya jambo moja la kikazi: alikwenda bandani, akamweleza Gathogo kwamba kikao cha saa nane ni cha nidhamu, na kwamba sheria inamruhusu kuja na mwenzake. Saa nane Gathogo akaja na Masinde, mpakiaji wa magunia, mtu ambaye hajawahi kunyamaza ila anapotafuna.

"Keti," Rahab alisema. "Leo hatuombi. Tunaingia moja kwa moja."

"Ai, Madam!" Masinde alishtuka. "Hata mafuta ya jenereta tuliyaombea. Kwani mzee mzima amekuwa chini ya mafuta?"

Rahab alivuta pumzi. Alikuwa mwanakwaya, na maneno yale yalimpata mahali.

"Haya. Lakini yawe mafupi."

"Nani ataomba?" Masinde aliuliza.

Kisha wote, kwa mazoea, wakamgeukia mshtakiwa.

Gathogo aliinuka. "Baba, asante kwa Madam Rahab. Nilimbeba mgongoni akiwa mdogo, maana aliogopa kuku. Leo amekua, haogopi tena. Wewe mwenyewe ulimsikia akisema nasi tusiogope kutoa maoni. Na kama hukusikia, Bwana, Njuguna anayo video..."

"Amina!" alisema Rahab kwa nguvu. "Adongo, endelea."

Adongo alishika bahasha kwa mikono miwili.

"Mzee Gathogo," alisema. "Kampuni imeonelea..."

"Imeonelea nini?" Masinde alimsaidia.

"Imeonelea vizuri," alisema Adongo.

Rahab aligonga meza. "Mnaona? Anashindwa kwa huruma, na yeye ndiye uliyemtukana! Kile kiraka ulichokisema ni huyu hapa!"

Gathogo alishika kofia yake. "Huyu? Hapana, Madam. Huyu ni mtoto wetu. Nilikuwa nasema wale wengine."

"Wengine wapi? Hiyo ofisi ina mtu mmoja."

"Mzee," Masinde alinong'ona, "hapo umejitumbukiza kwenye mtaro."

Kuitwa kiraka kulimuuma Adongo. Lakini hili la kuambiwa hakuwa hata miongoni mwa waliosemwa lilimuuma zaidi, kana kwamba hata tusi lake mwenyewe lilikuwa limepewa watu wengine. Na Madam naye alikuwa akimwinua mbele ya watu kama bango. Wote wawili walikuwa wakibishana juu yake, na hakuna aliyemgeukia kumuuliza.

Rahab alitazama saa yake. "Nairobi watapiga simu sasa hivi. Tumalize. Adongo, funga kwa maombi, na tukishasema Amina umkabidhi bahasha. Huna haja ya kuongea."

Ilikuwa njia ya ujanja, na Rahab alionekana kuifurahia. Adongo hakuwahi kuomba kwa sauti mbele ya watu. Kanisani alikuwa akichezesha midomo tu.

Walisimama. Wakainamisha vichwa. Adongo alichungulia. Rahab alikuwa amebana macho, rangi ya kope ikimeremeta. Masinde aliyafumba mdomo ukiwa wazi. Gathogo alikuwa amekumbatia kofia kifuani. Hakukuwa na jicho hata moja lililomtazama. Tangu utotoni shida yake ilikuwa macho ya watu, na sasa yalikuwa yamefungwa yote, tena kwa hiari ya wenyewe.

"Mungu," alisema, na sauti ikatoka. "Ni mimi Adongo, wa Bondeni. Ijumaa ulikuwepo. Mzee Gathogo alisema mtu aajiriwe kwa kazi yake, na mimi nasema hivyo hivyo. Lakini hajawahi kuniuliza kazi yangu ni gani. Ile likizo yake iliyokuwa imepotea kwenye faili, niliyeitafuta mpaka ikapatikana ni mimi. Na ile omena, Bwana. Kama hakuna mtu angeileta kiwandani siku ya kwanza, yeye angejuaje kama ina kazi? Mimi niliomba kazi kila mahali mji huu. Hapa ndipo gunia langu lilifunguliwa."

"Ndiyo, Bwana," Masinde aliitikia taratibu.

"Na Madam naye umguse. Siku ya Utamaduni hapa kiwandani aliniambia nilete samaki. Mimi nimelelewa kwa chapati na maharagwe. Nilimwomba jirani yetu Nasimiyu anikaangie, na Nasimiyu ni Mbukusu. Watu wakala, wakasema kweli Wajaluo wanajua samaki."

Mabega ya Masinde yalianza kutikisika.

"Lakini Madam alisema hakuna mtu ataumia kwa maoni. Mzee ametoa maoni yaliyoniumiza, na aliombwa ayatoe. Tukimfukuza leo, Sura ya Kenya itakuwa sura isiyo na mdomo. Kalamu ya kunithibitisha ni ya Madam, akitaka ataiweka chini bila kutia sahihi. Mimi hii bahasha sitoi. Nisaidie nisitetemeke. Amina."

"Amina!" Masinde aliitikia mpaka dirisha likalia.

Macho yakafunguka, na haya yote ikarudi kwa Adongo mbio mbio. Aliweka bahasha mezani ili mikono yake ipate pa kujificha.

Rahab alimgeukia. "Hayo yalikuwa maombi, au yalikuwa mashtaka?"

"Madam, yameshafungwa," alisema Masinde. "Baada ya Amina hakuna kufungua tena."

Simu ya Rahab ilianza kuita. Aliitazama, akaitazama bahasha, kisha akavuta droo na kuitumbukiza bahasha humo.

"Nasimiyu ni Mbukusu," alijisemea, na kona ya mdomo ikamcheza. Akaipokea simu akitoka. "Haloo? Ndiyo, kuhusu ile video. Hapana, bado yuko. Niliwaambia watoe maoni, sasa wanayatoa kweli..."

Mlango ulifungwa. Masinde, kwa mara ya kwanza bila chakula mdomoni, alinyamaza. Gathogo alizungusha kofia mikononi.

"Mami," alisema, "lakini mimi sikumaanisha wewe."

Adongo alikuwa na jibu tayari, lile alilompa kila mtu maisha yake yote: hakuna shida, mzee. Lilikuwa limeshafika ulimini. Akalimeza. Safari hii macho ya Gathogo yalikuwa wazi kabisa, na yalikuwa yakimtazama yeye.

"Ulinimaanisha," alisema. "Jumatatu uliweka maandazi mawili, mzee. Ulijua umesema nani. Ulimaanisha kile kiti sikistahili, na iliniuma, na bado inaniuma. Mimi nakistahili. Na kesho usiliweke andazi chini ya kisosi halafu ukimbie. Uje nalo mkononi, unitazame hivi ninavyokutazama, uniombe msamaha."