Mkwe Wangu na Uchafu wa Kuanzia

Nikutegee kwanza: anafuga kamba, lakini hana cha kufungia mzigo. Ni nani? Usijisumbue, ni mwanangu wa kike. Kamba wake ni hawa wa kuliwa. Anawafuga kwenye mabwawa ya maji ya chumvi, na nyuma kuna banda ambamo mimi na kina mama wenzangu tunawakata vichwa, tunawamenya na kuwapanga kwenye barafu.

Mwaka ule mnunuzi wake alileta sharti. Angenunua tu kwa wafugaji wanaoboresha: maji machafu yapungue, chakula kisimwagwe ovyo, vichwa na maganda yasitupwe mtoni. Mkaguzi angekuja kuandika hali ilivyo, kisha baada ya miezi sita arudi aone kilichobadilika. Asiyebadilika anaachwa. Na mwanangu hakuwa na mnunuzi mwingine.

Mimi sikuwa na wasiwasi. Banda letu unaweza kulala sakafuni na gauni jeupe ukaamka nalo jeupe. Aliyekosa raha ni mkwe wangu, mume wa mwanangu, tunayemwita Mtaalamu kwa sababu hajawahi kukosa jibu.

"Mama," akaniambia, "usafi huu utatuponza."

"Utatuponza vipi, baba?"

"Jirani yetu alikaguliwa maganda yakiwa mpaka dirishani. Akafagia nusu, wakaandika amepiga hatua kubwa. Sisi tukiandikwa safi leo, miezi sita ijayo tutaboresha nini? Tutawapaka kamba mafuta?"

Nikaipiga hesabu yake, nikaona haikosei, na hilo ndilo lililonitia hofu.

"Kwa hiyo tuchafue," akasema. "Kidogo tu. Uchafu wa kuanzia."

Mwanangu alipolisikia akamkataza. "Sawa, mke wangu," akaitikia, kwa sauti ya mtu anayepiga kamba, zile za uongo, zisizoliwa.

Siku ya ukaguzi, asubuhi, mwanangu akiwa bwawani anapima maji, Mtaalamu akamwaga ndoo ya vichwa mlangoni. Akaenda kujaza nyingine. Kurudi, mlango unang'aa. Mama Fagio, mwenzetu wa pale bandani, alikuwa ameshazoa. Si ubishi, ni mkono wake tu haujui kukaa. Mtaalamu akamwaga chini ya meza, mwenzetu mwingine akapita na maji.

"Jamani, niachieni uchafu wangu," akaomba.

"Ukiuweka njiani tutauzoa," Mama Fagio akamjibu. "Utafutie kwao."

Akautafutia: mtaro unaokwenda mtoni. Alikuwa ameinama, ndoo imepinduka, vichwa vinaelea, nyuma yake mtu akabisha hodi. Mkaguzi. Mwanamke mfupi, mabuti ya mpira, na amewahi.

"Ndivyo mnavyotupa siku zote?"

Mtaalamu, yule asiyekosa jibu, akaificha ndoo mgongoni.

"Hii siyo hali ya kuanzia," mkaguzi akasema. "Kwa hili watu wanafutwa."

Mwanangu akafika mbio, kichupa cha maji mkononi, uso umemwisha rangi. Nami nikabanwa. Mkwe ni wa kustahiwa, humvui nguo mbele ya mgeni. Lakini nikimfunika yeye, namvua mwanangu.

"Mama mkaguzi," nikasema, "huyu ni mkwe wangu na nampenda. Anatuchafulia ili baadaye tuonekane tumesafisha. Kama huniamini, mtazame yule."

Mama Fagio alikuwa ndani ya mtaro, maji magotini, anachota vichwa kwa chujio na kumsema Mtaalamu bila kupumzika.

Mkaguzi akaingia bandani. Akaona vichwa tunavyowakaushia wasagaji wa chakula cha kuku. Akapitisha kidole chini ya meza, akakitazama. Kisha akakaa juu ya kreti akacheka mpaka akavua miwani.

"Lakini nimeona kwa macho yangu," akasema, "lazima niandike."

Akaandika: shamba ni safi. Kinachohitaji kuboreshwa: mume wa mwenye shamba asishike ndoo.

Miezi sita ikapita, akarudi. Akatembea kote, akauliza, "Ameshika?"

"Hajashika," tukajibu wote.

Tukaandikwa tumeboresha kila tulichoagizwa, na mnunuzi akabaki wetu. Mtaalamu mpaka leo anadai mpango ulikuwa wake. Anasema hayo akiwa amekaa, maana ndoo tunabeba sisi, na kinachoniudhi ni kwamba siwezi kumbishia.