Kasimu Ketu

Watu wa Lusangi walimwambia Nuru asijisumbue. Sherehe ya wazungu, sarafu ya wazungu, yeye angekwenda Kabambare kutafuta nini? Alifunga muhogo kwenye kitambaa akashika njia, maana alisikia kwamba serikali imepiga sarafu ya kuukumbuka waya wa simu, na kwamba siku hiyo watatajwa wote walioujenga.

Mwanawe Kasimu aliujenga. Alichukuliwa na kundi la wabeba nguzo, akaondoka akicheka, na miaka kumi na minane ikapita bila hata salamu. Waya ule ulipeleka maneno mpaka ng'ambo, lakini neno moja tu la kumwambia mama kama mwanawe ni hai au amekufa halikupatikana. Ndiyo maana Nuru hakuweka matanga. Utamliaje mtu ambaye huenda yuko njiani?

Uwanjani Kabambare watu walisimamishwa juani mpaka miguu ikafa ganzi. Mzungu alisema weee, kisha mkalimani wake, Gérard, kijana mpenda kuchekesha watu, akapanda juu ya sanduku na kupaza sauti.

“Kasimu! Kasimu ketu ka Kabambare! Leo tunakapatia heshima!”

Alikuwa anaidekeza simu tu, kasimu, yaani kijisimu chetu, kama mtu anavyomwita mbuzi wake kambuzi. Lakini Nuru hakusikia simu. Alisikia jina la mwanawe likiitwa mara mbili mbele ya watu wote, akatoka mbio na uzee wake wote. Watu wakaangua kicheko. Mzungu, asiyeelewa kitu, akafurahi, akamtia sarafu mkononi. Ilichorwa nguzo, waya na jua. Mtu hakuwapo.

“Mutoto wangu iko wapi?” Nuru aliuliza. “Kasimu. Umemuita sasa hivi.”

Kicheko kikamkauka Gérard mdomoni. Aliomba karatasi ya mzungu, akaisoma juu mpaka chini, akaigeuza, akaikunja.

“Majina ya watu haiko, mama. Iko namba ya nguzo tu.”

“Basi nipe namba yake.”

“Mama…”

“Nipe, baba. Hata moja.”

Gérard akatazama miguu yake. “Mia mbili na kumi na saba,” alisema. “Walimuzika pale.”

Nuru alijua anadanganywa. Aliipokea namba hiyo hivyo hivyo, kwa sababu mikono yake ilikuwa mitupu kwa miaka kumi na minane na ilikuwa imechoka. Akaufuata waya, akihesabu nguzo moja moja kwa sauti, na kila alipopoteza hesabu alirudi nyuma akaanza upya.

Kesho yake wanawake waliokuwa wakienda shambani walimkuta amekaa chini ya nguzo iliyoliwa na mchwa, amevua kilemba, analia mpaka sauti imekatika. Wakatua vikapu vyao.

“Nani amekufa, mama?”

“Mutoto wangu.”

“Pole, mama. Lini?”

“Leo,” alisema Nuru.