Saizi ya Kuambiwa

Mikromita, kile kipimo cha unene wa chuma, ilikuwa kwenye mfuko wa ovaroli yangu. Naanza na hilo ili asije mtu akanitetea.

Nadine ana mashine ya kusaga unga pale Nyakitonto, na mwaka huu injini yake ilikatika krenki wakati mahindi mapya ndiyo kwanza yanaingia. Krenki ndiyo uti wa mgongo wa injini, chuma kinachozungushwa na pistoni. Mpya haikupatikana Kasulu wala Kibondo, maana injini yenyewe ni ya zamani. Nikamkumbuka Mzee Nsabimana wa Mabamba, aliyenifundisha ufundi miaka saba nikila kwake na kulala kwake. Alikuwa na krenki ya injini kama ile, imeshachongwa, ameining'iniza darini kwa kamba isije ikapinda, imejaa grisi na kuviringishwa kitenge.

"Chukua, mwana wanje," akaniambia, yaani mwanangu. "Sitaki kitu. Ila injini niifunge mimi. Miaka minne hakuna anayeniletea hata pikipiki, eti macho yamekwisha."

Yalikuwa yamekwisha kweli. Chai aliyonimiminia nusu iliishia mezani.

"Saizi gani, mzee?"

Akapitisha kidole gumba juu ya chuma. "Ishirini. Zote ishirini."

Krenki ikichongwa mara ya kwanza huitwa kumi, ya pili ishirini, ya tatu thelathini, kila mara ikizidi kuwa nyembamba. Beringi, vile vibati laini vinavyoikumbatia, lazima ziwe za namba hiyohiyo. Kwa hiyo fundi hupima, tena kila sehemu peke yake, na mikromita niliyokuwa nayo ni yeye aliyenipa siku aliyoniruhusu nikajitegemee. Lakini kwetu, mtu aliyekulea akikwambia jambo, nawe ukatoa kipimo mbele yake, umemwita mwongo. Nikaiacha mfukoni. Njia nzima hadi Kasulu aliipakata krenki ile kama mtoto mchanga, na hakuiachia hata tuliposimama kula.

Beringi tulizitafuta siku tano. Mwisho Mwanaamina, mwenye duka la vipuri karibu na stendi, akazipata kwa kaka yake aliyeko Tanga.

"Fundi Salumu, umepima au umeambiwa?" akaniuliza kabla hajaagiza.

"Nimeambiwa na aliyenifundisha kazi. Wewe agiza tu, dada."

Nilimjibu kwa kiburi, mjinga mimi.

Kule Nyakitonto mzee alifunga injini mwenyewe, mimi nikimpa spana. Kina mama walikaa na ndoo zao wakitazama. Alipomaliza kukaza konrodi ya pili, ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na krenki, akaniambia niishike nimwambie ikoje. Nikaishika, nikaitikisa. Ikacheza. Kidogo, lakini ilicheza, na konrodi iliyofungwa vizuri haichezi hivyo.

"Vipi?" akauliza.

"Safi, mzee."

Nikajiambia oili itajaza hilo pengo. Uongo wa kitoto, nami nina miaka arobaini na mbili.

Injini iliwaka mara ya kwanza tu. Vigelegele vikapigwa, Nadine akamwita fundi mkuu, na mzee akakinga unga wa moto kwa kiganja, akaulamba, akacheka hadi machozi. Sijawahi kumwona na furaha ile. Nikaona nimefanya la maana kunyamaza.

Siku ya tisa injini ilianza kugonga, na kabla Nadine hajaifikia kuizima, konrodi ya pili ikakatika na kutoboa ubavu wa injini. Nilipoifungua ndipo nikapima. Sehemu ya krenki inayoshikwa na konrodi ya kwanza ilikuwa ishirini. Ya pili, thelathini. Injini imebaki chuma chakavu, na watu wa pale sasa wanabeba mahindi kwenda kusaga Kagerankanda.

Wanasema kipofu kaua mashine. Wamesema hivyo mbele yangu, Nadine akiwemo, nami nikainama kama mtu anayefunga kamba za viatu. Ndilo linaloniuma zaidi. Jina la yule mzee ndilo nililotaka kulilinda tangu mwanzo, na sasa linatembea sokoni linachekwa, wakati mwenye kosa anaitwa fundi.

Nilikwenda Mabamba Jumapili iliyofuata. Habari ilishamfikia. Alikuwa amekaa kibarazani, sanduku lake la spana limefungwa kamba.

"Ulipima?" akaniuliza, hata salamu hatujamaliza.

"Sikupima."

"Na konrodi, haikucheza?"

"Ilicheza, mzee. Niliona haya kukwambia."

Akapapasa fundo la kamba ya sanduku. Nilitamani anitukane.

"Unadhani sijui kwamba sina macho?" akasema. "Hata vidole vina ganzi. Niliomba kufunga kwa sababu nilisema Salumu yupo, ana kipimo nilichompa, akiona kosa atasema. Nilidhani tuko mafundi wawili. Kumbe ulikuwa unamchezesha mzee."

"Nisamehe, baba."

Akanyoosha mkono. Nikaushika kwa mikono yangu miwili, moyo ukinitulia, nikijua yameisha. Akaipapasa mikono yangu, kisha akaisukuma pembeni taratibu na kubaki amekinga kiganja.

"Siyo mkono," akasema. "Mikromita yangu."