Sauti ya Hala

Hala binti Himid alifariki akiwa na miaka kumi na tisa, na mwaka wake wa mwisho hakuwa na sauti. Uvimbe ulimwota kooni. Madaktari waliutoa, lakini sauti nayo ikaondoka, ikabaki pumzi tu inayopita baina ya meno. Ukitaka kumsikia, sharti umsogelee mpaka mashavu yakaribie kugusana. Na huyu ndiye aliyekuwa akisoma kasida utotoni, hata wanawake wa jengo lao pale Karama, mtaa wa Dubai, wakazima mafeni ili wamsikie vizuri.

Baba yake, Himid, alikuwa fundi wa kushona kanzu, aliyeletwa Dubai kutoka Unguja angali mchanga. Mnong'ono ule hakuuweza. Akirudi kutoka dukani humuuliza mtoto hali, huitikia yeye mwenyewe kabla hajajibiwa, kisha huingia chumbani na kufunga mlango. Mama, Nunu, ndiye aliyekaa naye.

Kwa hiyo Nunu ndiye aliyeijua ile programu ya Kijapani. Unapanga tuni, unaandika silabi chini yake, na sauti ya msichana iliyomo ndani ya kompyuta inaimba ulichoandika. Vijana wa dunia nzima huitungia nyimbo. Hala aligundua kwamba Kiswahili kinaingia humo vizuri, maana maneno yetu nayo huishia kwa irabu. Basi hukaa kitandani, kompyuta mapajani, akipanga silabi moja moja, na Nunu ubavuni pake akimpa maneno ya bibi zake. Kilichowashinda ni kitu kimoja: sauti ile haikujua kutamka "la", kila mara ikatoka "ra".

"Nimerara murango wazi," ikaimba.

Hala akacheka, mabega yanamtikisika bila ya mlio.

"Mwache, mtoto wa Kijapani huyo," Nunu akasema.

"Hata jina langu hawezi kulitaja," Hala akamnong'oneza.

Wimbo ulipokamilika akauweka mtandaoni. Haukupita muda, ugonjwa ukarudi kwa nguvu, na wakamzika makaburi ya Al Qusais.

Baada ya arubaini akaja Hind, rafiki yake Hala wa tangu shuleni. Alikuta Himid na Nunu wamekaa sebuleni, kila mtu na upande wake.

"Ami, wimbo wa Hala umeenea," akasema. "Japani wanausikiliza, Brazil wanausikiliza. Watu wanajifunza Kiswahili ili waujue."

Akaufungua kwenye simu. Sauti nyembamba, safi, ikajaa sebule. Himid aliinamisha kichwa. Wimbo ulipokwisha, ndevu zake zilikuwa zimelowa.

"Aliurekodi kabla ya kupasuliwa," akasema. "Msikie anavyosema 'nimerara'. Ulimi ulikwishaanza kuwa mzito, naye kajikaza akaimba. Mwanangu."

Hind akamtazama Nunu. Nunu alikuwa na jibu mdomoni. Lakini tangu mazishi hakumwona mumewe akilia hata mara moja. Alikuwa kama mtu aliyemeza jiwe. Sasa jiwe limetoka. Akamfanyia Hind ishara ya mkono, ndogo, na Hind akanyamaza.

Kutoka siku hiyo Himid akawa mtu mwingine. Aliuweka wimbo dukani, cherehani ikienda na wimbo unakwenda. Wateja wakiuliza huwaambia, "Binti yangu huyo." Akaanza kula. Akaanza kumtaja Hala mezani, vituko vyake vya utoto, na Nunu akawa anacheka naye, ingawa kila siku iliyopita ilizidi kuufanya ukweli uwe mgumu kusemeka. Mara mbili alianza, "Baba Hala, kuna kitu…" na mara mbili akamalizia kwa habari za chai.

Mwezi wa pili baada ya Hind kuja, wapenzi wa nyimbo za programu ile walikodi ukumbi wa hoteli moja Al Mankhool kufanya hafla yao ya alasiri. Walitaka kumkumbuka Hala, wakawaalika wazazi. Nunu alisema kichwa kinamuuma. Himid akamwambia, "Wageni wanamheshimu mtoto wetu, sisi tusiende?" Akavaa kanzu aliyoishona mwenyewe kwa ajili ya siku ile.

Waliwekwa viti vya mbele. Taa zikapunguzwa, na kwenye skrini kubwa akatokea msichana wa katuni mwenye nywele za rangi ya machungwa. Akafungua kinywa, akaimba kwa Kijapani.

Himid akaketi wima.

"Nunu. Hala alijifunza Kijapani?"

Nunu akakaza macho kwenye skrini. Wimbo wa pili ulikuwa wa Kiingereza, umetungwa na kijana wa Kifilipino aliyesimama akapigiwa makofi. Sauti ikawa ile ile. Wa tatu nao, sauti ile ile.

"Huyu nani?" Himid akauliza.

"Ni mashine, Baba Hala. Ni programu. Hala aliandika, yenyewe ikaimba."

"Na wimbo wetu?"

"Na wetu."

Makofi yakapungua. Himid akamgeukia.

"Ulijua?"

"Nilijua. Nilikaa naye alipoutunga."

"Siku ile Hind alipokuja, ulijua?"

"Nilijua."

Wakati huo wakatangaza jina la Hala, na ukumbi mzima ukasimama. Vijana wasiojua Kiswahili wakaimba kwa pamoja, "Nimerara murango wazi," wengine wakilia kwa dhati. Himid naye alisimama, kwa adabu tu, mikono imelegea ubavuni. Wimbo ulipokwisha akawashukuru wenyeji kwa kupeana nao mikono, kisha akatoka.

Nunu alimkuta garini, kwenye maegesho ya chini. Injini haijawashwa, na joto lilikuwa la kuvunja kichwa. Akaingia, akafunga mlango.

"Maneno ni yake," akasema. "Kila silabi aliiweka yeye. Nilimwona kwa macho yangu."

"Maneno nimeyasikia." Himid alikuwa akitazama ukuta. "Nataka sauti yake. Nikiivuta kumbukumbu, inakuja hii. Najaribu ya kasida, inakuja hii. Mnong'ono sikuusikiliza, Nunu. Mimi nilikuwa naukimbia. Sasa sina hata ule."

Nunu akaanza kulia.

"Wewe ulikuwa naye," akasema Himid. "Alikuwa akiniitaje, nikipita kwenda chumbani?"

"Akisema, 'Baba, umerudi?'"

"Sema kama alivyosema."

Nunu akajifuta uso. Akamsogelea sikioni, akavuta pumzi, akanong'ona, "Baba, umerudi?"

Himid alifumba macho, akasikiliza.

"Siyo," akasema.

Akajaribu tena, polepole zaidi, pumzi ikipita baina ya meno.

"Siyo, Mama Hala."

Akajaribu mara ya tatu, na humo katikati na yeye akapotea, hakujua tena kama mwanawe alikuwa akilivuta neno au akilikata. Himid akamshika mkono, si kwa hasira.

"Khalas," akasema. "Acha."

Akawasha gari. Njia yote ya kurudi Karama hakuna aliyegusa redio.