Fungueni, Si Fungua

Fundi wa kompyuta akishindwa na mashine ya mteja hulaumu umeme. Akishindwa na faili la baba yake mzazi, atamlaumu nani? Aibu hiyo Kitinda aliitunza miaka tisa, na hakumwonjesha mtu.

Walimwita Kitinda kwa sababu ndiye kitinda mimba, mtoto wa kike, wa mwisho katika watoto wanne, na jina likamganda mpaka kwenye kibao cha duka: KITINDA KOMPYUTA, TUNATENGENEZA NA KUFUFUA. Duka lenyewe ni chumba kimoja, meza mbili na mashine kadhaa zilizovuliwa mifuniko. Mteja akiingia huketi juu ya printa mbovu, maana kiti ni kimoja na ni cha fundi.

Baba yao alikuwa mtangazaji wa mpira redioni. Tena si mtangazaji wa kubahatisha. Kuna watu wazima wanaosimulia mpaka leo walivyokuwa wakienda uwanjani na redio sikioni, wauone mpira kwa macho lakini wausikie kwake, kwa sababu mpira wa mdomoni mwake ulikuwa mtamu kuliko ule wa majanini. Kisha koo likaugua. Madaktari wakamwachia uhai, wakaondoka na sauti. Wakati huo Kitinda alikuwa na mwaka mmoja.

Kaka zake na dada yake waliisikia sauti ya baba ikiwaita kula, ikiwagombeza, ikiwatania. Yeye alilelewa na baba wa daftari, mzee mcheshi mwenye kalamu sikioni, anayeandika utani wake kwa herufi kubwa kisha anakukodolea macho mpaka ucheke. Alimpenda baba huyo kupita kiasi. Ila watu waliposema "ile sauti ya baba yako", yeye aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeijua, na moyoni aliwaonea wivu nduguze wote watatu. Wivu mbaya, wa kitoto, na haukupungua kwa kukua.

Kule redioni, kanda za zamani zilirekodiwa vipindi vingine juu yake. Nakala zilizosalia zilikuwa ndani ya kompyuta ya mzee pale nyumbani, nayo ilikuwa inakata roho. Ndipo mzee akafanya la maana. Akainakili diski nzima ikawa faili moja, kila kilichomo na mpangilio wake, kama mtu anayehama na kabati bila kutoa nguo. Kompyuta ikafa wiki ile ile. Mzee akawaita watoto, akampa kila mmoja bahasha yenye flashi ndani. Juu ya kila bahasha aliandika neno moja tu: FUNGUENI.

Kitinda, wakati huo ana miaka kumi na mitano, aliichomeka yake siku hiyo hiyo. Kompyuta ikamjibu kwamba faili haliwezi kufunguka. Akajaribu tena, likagoma. Akaamini ameliharibu kwa haraka zake. Kesho yake baba alipomtazama kwa macho ya kuuliza, mtoto akasema, "Nimesikia, baba. Umenifurahisha sana." Mzee akainamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Kitinda alidhani analia kwa furaha, akazidi kujichukia.

Watu wakimuuliza kwa nini alisomea kompyuta, husema aliona kuna soko. Mwongo huyo. Alisomea ili alifungue lile faili. Alilijaribu kwa programu za bure na za kulipia, akalibadilisha jina, akalihamisha kutoka mashine hadi mashine. Alichokigundua ni kwamba halikuwa na kichwa. Faili la namna hiyo huanza na alama fulani inayoiambia kompyuta hii ni diski, ina ukubwa huu, vitu vyake viko hapa na pale. Lake lilianza katikati ya mambo. Mwisho akalifungia kwenye droo pamoja na bisibisi.

Jumatano moja akaingia kaka mkubwa, mwalimu wa hesabu, mtu wa shati la kuchomekea na maneno ya kupimwa. Akarudisha mlango, akachungulia nje, kisha akarudisha tena.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Uko peke yako?"

"Niko na printa."

Akaikalia printa. Akatoa bahasha mfukoni, kuukuu, kona zimelika. "Nataka unitazamie kitu. Lakini kiishie humu humu."

Kitinda aliutambua mwandiko kabla bahasha haijatua mezani.

"Halifunguki," kaka akasema, akitazama sakafu. "Nimeshalipeleka kwa mafundi watatu."

"Mafundi watatu, na mimi wa tumbo moja nipo?"

"Ningekujaje? Nilishamwambia baba nimesikiliza. Nilimsifia hata lile goli."

"Goli gani?"

"Goli lolote. Mpira haukosi goli."

Kitinda alicheka mpaka akashika meza. Kaka akaona anadhihakiwa, akaanza kuinuka, ndipo dada mtu akavuta droo na kumwonyesha bahasha ya pili. Wakatazamana. Mwalimu wa hesabu akakaa tena, polepole, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akafungua kifungo cha shingoni.

Flashi ya kaka ilipofunguliwa, Kitinda akasogeza kiti karibu na kioo. Kichwa kilikuwapo. Alama ilikuwapo, safi kabisa, nayo ilisema diski hii ni ya gigabaiti kumi na tano. Lakini faili lenyewe lilikuwa na nne tu. La kwake lilikuwa na tatu. Akaichukua bahasha, akaitazama kama anayeiona leo.

"Kaka, soma hapa."

"Fungueni."

"Alikupa wewe peke yako. Mbona hakuandika 'fungua'?"

"Nilidhani ni mimi na wifi yako."

"Na mimi nilikuwa na mume gani? Kaka, huyu ndiye mtu aliyeikamata barua ya mapenzi ya mdogo wako Sukari, akamrudishia imesahihishwa kwa wino mwekundu. Huyo akosee 'ni' ya mwisho, tena mara nne?" Akaziweka flashi mbili pamoja. "Hakutupa faili kila mtu. Alilikata faili moja vipande vinne. Hakuna kilichoharibika. Tulikuwa tunafungua peke yetu."

Wakawapigia simu wale pacha wa kati, Sukari wa kiume na Chumvi wa kike. Sukari, mwoka mikate, alisema la kwake ni zima na hulisikiliza kila Jumapili.

"Hebu nitangazie kidogo," Kitinda akamwambia.

Ukasikika mlango wa jiko la mikate ukifungwa. "Limeharibika," Sukari akasema.

Chumvi, muuguzi, hakuhangaika kudanganya. Alisema la kwake halikufunguka tangu siku ya kwanza, na kwamba flashi ameitundika kwenye funguo za geti kwa sababu ina tundu zuri. Kitinda akakaa chini. Miaka tisa kwenye funguo za geti!

Jumamosi asubuhi wote wanne walikuwa sebuleni kwa wazazi, wamesimama mstari kama wanafunzi waliochelewa. Kaka alikuwa ameandika hotuba ya kuomba radhi. Hakufika aya ya pili. Mabega ya mzee yakaanza kutikisika, kichwa kimeinama, na Kitinda akayajua mabega yale. Kumbe hata siku ile hakuwa analia. Mzee akachukua daftari, akaandika, akawainulia: MIAKA TISA NASUBIRI MMOJA WENU ASEME KWELI. MLINISIFIA SANA. KAKA YENU ALINIELEZA MPAKA GOLI.

"Nami nilimwambia awaonee huruma," mama akasema kutoka kwenye kiti chake. "Akaniandikia kwamba aliyezaa waongo avumilie."

Basi kicheko kikashika nyumba, na Kitinda akafungua mashine yake mezani. Cheko lilimwishia mapema kuliko wenzake. Flashi tatu zilinakilika bila matata. Ya Chumvi ikafika nusu, ikakwama. Akaichomoa, akaichomeka, ikakwama pale pale. Kipande kimoja kikikosekana, kazi imekwisha, na hakuna duka linalouza sauti ya mtu. Kitinda alitaka kumkaripia dada yake, badala yake akaigeuza flashi, akaona vibati vya shaba vya mdomoni vimefubaa.

"Nipeni kifutio cha penseli," akasema.

Mzee akamtolea kilichokuwa mwishoni mwa kalamu yake ya risasi. Kitinda akavisugua vile vibati, taratibu, akapuliza, akasugua tena mpaka vikang'aa. Akaichomeka mara ya tatu. Namba zikapanda, zikafika pale pa kukwamia, zikasita. Chumvi akafumba macho. Namba zikapita.

"Sasa mpangilio," Kitinda akasema, akishusha pumzi. "Chenye kichwa ndicho cha kwanza, hicho ni cha kaka. Kilicho kidogo kuliko vyote ni mkia, changu. Baba, ulitupanga kwa kuzaliwa?"

Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Kwa hiyo hapo katikati, anatangulia nani?"

Hapo ndipo balaa lilipolala. Pacha hao, wakiwa na miaka saba, walipigana mpaka jino likang'oka kwa swali la nani amwamkie mwenzake. Tangu siku hiyo baba na mama walikula yamini kwamba aliyetangulia kuzaliwa hatajulikana. Leo wana miaka thelathini na minne, na hawajaamkiana hata mara moja. Mmoja akiingia, husema tu "nimefika".

Mzee alishika kalamu, akamtazama Sukari, akamtazama Chumvi, akairudisha kalamu sikioni.

"Mimi simo," mama akasema, akakunja mikono.

"Msiseme," Kitinda akawaambia. "Njia ni mbili tu. Kompyuta itasema yenyewe."

Pacha wakasogea mpaka pua zao zikakaribia kioo. Kitinda akamtanguliza Sukari, akaviunga vipande vinne vikawa faili moja, akalifungua. Likafunguka! Majina yakajipanga, mechi baada ya mechi, na tarehe zake. Sukari akavuta kola ya shati. Kitinda akabofya jina la kwanza, kikatoka kishindo cha kokoto zinazomwagwa kwenye bati. Akabofya la pili, kokoto zile zile.

"Majina yanakaa kichwani, kwa kaka," akasema. "Lakini rekodi zenyewe ziko katikati, na katikati kumepinduka." Akavitenganisha, akamtanguliza Chumvi, akaviunga upya.

"Kompyuta nazo hukosea," Sukari akasema mapema.

Kitinda alikuwa ameshabofya.

Kwanza ilikuja kelele ya watu wengi, mbali, kama mvua inayokaribia. Kisha juu yake ikapanda sauti.

Miaka yote hiyo Kitinda alikuwa amemjengea baba yake sauti nzito, ya mzee wa baraza. Kumbe ilikuwa nyembamba, ya haraka, yenye kucheka ndani yake, sauti ya mtu asiyeweza kukaa kitini. "Anakwenda, anakwenda, beki kaachwa anatafuta kiatu! Mama mwenye chungu jikoni, epua, usije ukaunguza, huyu hasimami leo!" Kaka mkubwa akashika mdomo. Sukari na Chumvi walikuwa wameshikana mikono na hakuna aliyekumbuka nani mkubwa. Mama alikuwa anacheka na machozi yanamtoka, na hakuyafuta.

Kitinda alikuwa ameikazia macho spika. Kisha akahisi kitu, akageuka kumtazama baba.

Mzee alikuwa amesimama katikati ya sebule. Midomo yake ilikuwa inakwenda. Hakuwa amesahau hata neno moja. Beki alipoachwa, mdomo wake ulimwacha. Chungu kilipoepuliwa, mdomo wake ulikiepua, na mkono wake ukanyoosha kidole kwenye winga asiyeonekana. Kila neno lililotoka spikani lilikuwa linatoka kinywani mwake wakati ule ule, halikutangulia wala halikuchelewa. Akamwona binti yake anamtazama. Akamgeukia yeye, akaacha kuwatangazia wengine, akamtangazia yeye peke yake.

Kitinda hakutazama tena spika. Alisogea mpaka akawa mbele ya uso wa baba yake, karibu kabisa, akamsikiliza akisema. Bila kugeuka akapapasa mezani, akaongeza sauti mpaka mwisho.

Goli likaingia, na nyumba nzima ikaruka. Ng'ambo ya ukuta jirani akapaza sauti kuuliza kuna mechi gani asubuhi yote hii, na ni nani huyo anayetangaza vizuri hivyo.

"Ni baba," Kitinda akamjibu. "Anaongea na mimi."