Turubai la Mama Evodie

Papa Cyprien, fundi wa kushona, alikuwa na saa moja tu ya raha katika juma zima. Ilikuwa Jumapili baada ya misa ya kwanza, kwenye mkahawa wa Mama Evodie, ambako mtu anakula chai ya asubuhi na chakula cha mchana kwa mpigo mmoja, kisha hadaiwi na tumbo mpaka jioni. Mkahawa wenyewe ulikuwa chumba cha mbele cha nyumba, meza nne, bila muziki. Anayetaka kelele, alisema Mama Evodie, baa zimejaa tele. Yeye alimwuliza mteja swali moja: mayai mangapi?

Swali hilo Papa Cyprien aliliweza. Lililomshinda ni la majirani: "Bibi atafika lini toka Manono?" Adrienne, mke wake, hakuwa wa kufika. Alizikwa Manono mwaka uliopita, na mumewe, akiwa amechoshwa na pole za watu, akabeba cherehani yake akahamia Kalemie, ambako hakuna aliyejua kumpa pole. Kwa hiyo majirani aliwajibu, "Kisha mvua," yaani baada ya mvua. Mvua zilipokwisha, akasema kisha Pasaka.

Jumapili hii Mama Evodie alikuwa amepaka chumba rangi, nayo rangi ikakataa kukauka. Basi akafunga turubai la bluu mbele ya nyumba, akapanga viti vya plastiki chini yake, akampa Papa Cyprien mayai mawili na visamaki vya ndagala vya kukaanga, akarudi jikoni huko nyuma. Papa Cyprien akainamia sahani yake, peke yake, akala polepole. Alikuwa mtu mwenye raha kabisa.

Lakini turubai mbele ya nyumba, viti, kimya, na mwanamume aliyeinamisha kichwa: Kalemie nzima inajua maana yake.

Wa kwanza kuingia alikuwa Papa Didier, mwalimu wa kwaya. Akavua kofia, akamshika Papa Cyprien mkono kwa mikono yake miwili.

"Pole sana, papa."

Papa Cyprien alikuwa na yai mdomoni. Alipolimeza, Papa Didier alikuwa amekwisha kuketi, ameshika tama.

Kwenye kilio mtu haingii akiuliza nani amekufa; huo ni utovu wa adabu. Unakaa kwanza, habari utazipata hapo hapo. Wakaja mama wawili wa kanisani, wakakaa chini. Wakaja wengine, kwa sababu wale wa kwanza walikuwa wamekaa. Kila mmoja alidhani mwenzake anajua, na kila mmoja alipeana mkono na Papa Cyprien. Pole alizozikimbia tangu Manono zilimkuta na yai likiwa bado la moto.

Papa Didier akamsogelea. "Tuimbe sasa, ao tungoje kwanza familia?"

Ndipo Mama Evodie akatoka na birika la chai. Akawatazama, akashika kiuno.

"Munafanya nini hapa?"

"Tumekuja kwa kilio, mama."

"Kilio gani? Hapa si kilio, njo fasi ya kula! Papa Cyprien, uwaambie. Kuna muntu alikufa?"

Kazi ilikuwa ndogo. Aseme hapana, watu wacheke, waende zao, na saa yake ilikuwa haijaisha. Akasukuma sahani kando. Kuwaambia majirani kwamba Adrienne yuko njiani, hilo alilizoea. Lakini kuwaambia watu walioketi namna hii kwamba hakuna aliyekufa, aliona ni kumkana mke wake mbele ya msiba wake mwenyewe, na jambo hilo lilimuuma kuliko pole zote.

"Njo bibi yangu," akasema. "Adrienne."

Hakuna aliyeshtuka isipokuwa Mama Evodie. Wengine wote walikuwa wamekuja kwa ajili hiyo. Mama Evodie akatua birika, akaenda kukaa chini na wale mama.

"Alikufa lini?" akauliza Papa Didier, maana sasa adabu iliruhusu.

"Mwaka jana."

Papa Didier akawageukia wenzake, kisha akamgeukia yeye.

"Basi tumechelewa. Utusamehe, papa."

Papa Cyprien akaangua kilio, sauti ikafika barabarani, na waliokuwa wakipita wakaingia, wakakaa.