Maswali Matatu ya Bi Kizingiti

Kazi yangu ni kutunga michezo. Nikisema hivyo watu huuliza, "Ya kuigiza au ya mpira?" Yangu ni ya mezani. Watu wanne watano wanakaa. Mmoja anasimulia, wengine kila mmoja anakuwa mtu fulani ndani ya hadithi, mwizi, mganga, mrusha mishale, na jambo likiwa gumu wanarusha dadu yenye nyuso ishirini. Nikifika hapo, aliyeuliza huwa keshaanza kutazama saa.

Lakini wapo wanaoupenda mchezo wangu kunipita hata mimi, na wananiandikia. Barua kumi zikija, tisa zinamhusu Bi Kizingiti, bibi wa kwenye lango la mji. Huingii mpaka umjibu maswali matatu: Umetoka wapi? Umekula nini? Nani anajua uko hapa? Ukishajibu unarusha dadu. Ukipata chini ya kumi, hajakuamini, na unalala nje na fisi. Kwa miaka sita mashujaa wameua majoka, wakaja kufia mlangoni kwa bibi kizee, na wachezaji wanampenda hivyo hivyo.

Siri yangu ni kwamba Bi Kizingiti sikumtunga. Ni shangazi yangu. Alikuwa msimamizi wa bweni la wasichana miaka thelathini, na mimi amenilea tangu nina miaka saba. Maswali ni yake, neno kwa neno. Siku moja, mtu mzima mimi, nilichelewa kurudi akaniuliza yote matatu mbele ya wageni. Nikalipiza kisasi kwa kalamu: nikamtia chongo, nikamwotesha ndevu tatu kidevuni. Hasira ziliisha wiki hiyo hiyo, ila Bi Kizingiti akabaki kwenye kitabu cha mchezo. Shangazi hakuwahi kukifungua. Alisema herufi ni ndogo, nami nikamshukuru Mungu. Kumuudhi nimezoea. Kumuumiza sikutaka hata kufikiria.

Jumamosi wachezaji wanne walikuja kulijaribu toleo la pili, ambalo lingekwenda kwa mchapaji Jumatatu. Kwa kawaida tunakutana maktaba, lakini chumba chetu kilikuwa kinapakwa rangi, nikawaambia waje nyumbani. Shangazi alikuwa ameaga kwenda kwa rafiki yake. Nilikuwa jikoni napanga vikombe niliposikia hodi, kisha nikasikia ndala zikiburuzwa kuelekea mlangoni. Alikuwa amerudi kuchukua miwani, nami sina habari.

"Mmetoka wapi?" nilimsikia akiuliza. "Mmekula nini?"

Nilikimbia. Nilichelewa.

"Na nani anajua mko hapa?"

Walikuwa wamesimama barazani, nesi, mwalimu wa hesabu, fundi wa friji na mkewe, midomo wazi. Kisha nesi akaingiza mkono kwenye mkoba polepole, akatoa dadu, akairusha. Ikabingirika mpaka kwenye ndala ya Shangazi.

Mwalimu wa hesabu aliinama kuitazama. "Saba," akasema kwa huzuni. "Tunalala nje."

Na wote wanne wakarudi nyuma hatua tatu, wakasimama uani.

Shangazi akanigeukia. "Hawa wametoroka wapi?"

Fundi wa friji mdomo wake hauna kifuniko. "Shikamoo, Bi Kizingiti! Kumbe upo kweli!" Kabla sijamzuia keshampa kitabu chake, kimechakaa kona zote, kimefunguliwa ukurasa wenyewe. Na miwani Shangazi alikuwa nayo.

Akaketi kwenye kiti cha barazani, akasoma.

"Ndevu tatu," alisema.

"Shangazi, mimi nili..."

"Nyamaza, nasoma."

Alipofika mwisho uso ulimbadilika. "Hapa umesema asiyeaminika analala nje."

"Ndiyo, ni kanuni ya..."

"Na fisi."

"Na fisi."

"Ndevu sawa, ninazo. Chongo, haya, nimekusamehe. Lakini nani kakwambia mimi namlaza mtu nje?" "Walinijia wasichana saa za ajabu, na uongo mtupu mdomoni. Niliuliza, ndiyo. Niligomba mpaka koo likakauka. Lakini nilikuwa nagomba mlango nimeshafungua! Wewe ulipoletwa hapa, nilikuuliza umetoka wapi. Ulijibu nini?"

"Nilisema sijui."

"Umekula nini?"

"Sijui."

"Nani anajua uko hapa?"

"Nilisema hakuna."

"Majibu gani hayo? Hata moja la kuaminika halimo. Ulilala wapi?"

Nililala kitandani kwake, upande wa ukutani, na sikuhama mpaka nilipofika miaka kumi. Nilikuwa najua hilo siku zote, na bado niliandika fisi. Niliona aibu kuliko siku yoyote maishani mwangu.

Nesi alikuwa analia waziwazi. Mwalimu wa hesabu akajikohoza. "Samahani, mama. Kama mlango unafunguliwa vyovyote vile, dadu ya nini?"

Shangazi alifikiri. "Ya kujua nitagomba kwa muda gani."

Fundi akachukua kitabu chake, penseli nne zikatoka. Palepale uani, wamechutama, wameegemeza vitabu mapajani, wakafuta fisi.

"Sasa ingieni. Mnangoja nini?"

"Tulipata saba, mama," alisema nesi.

"Saba ni ndogo?"

"Ndogo sana."

Shangazi akausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta, akashika kiuno, akaanza. Alianza na viatu vya fundi, akaja kwenye wembamba wa nesi, akamuuliza mwalimu kama kwao hakuna pasi ya kunyoosha shati. Walipita mbele yake mmoja mmoja, wanagombezwa, wanacheka. Nilirudi jikoni kuongeza kikombe.

Jumapili niliiandika kanuni upya, nikafuta na zile ndevu. Akaisoma yote kwa miwani yake, akanirudishia karatasi.

"Rudisha ndevu," alisema. "Watanijuaje?"